Mazoezi ya kizunguzungu cha sikio la ndani: yanayokupa kizunguzungu kidogo ndiyo yanayofanya kazi

#1 Mtoa mada

Wakuu, salaam.

Mtu akisema ana kizunguzungu, majibu anayopewa yanajulikana: pima presha, kunywa maji, pata usingizi, meza vidonge. Mimi ni mtu wa fiziotherapia. Wengi ninaowahudumia wameshapita huko kote. Presha nzuri, damu nzuri, picha ya kichwa safi, lakini wakigeuza shingo tu ukuta nao unaondoka. Shida yao iko kwenye sikio la ndani, na kwa wengi wao tiba ni mazoezi. Bahati mbaya ni tiba inayoachwa wiki ya kwanza, kwa sababu mgonjwa anaona anazidiwa. Uzi huu ni kwa ajili ya hiyo wiki ya kwanza.

Tuanze na kiungo chenyewe. Ndani kabisa ya kila sikio, jirani na sehemu ya kusikia, kuna mifereji mitatu iliyopinda nusu duara na vifuko viwili vidogo. Mifereji ina majimaji, inahisi kichwa kinapozunguka kwa upande wowote. Vifuko vinahisi mvuto wa dunia na mwendo wa moja kwa moja, ule unaousikia mwilini lifti inapoanza kupanda. Taarifa zote zinapanda kwenye ubongo kwa neva ya nane ya kichwa, na ubongo unazitumia kwa kazi mbili kubwa: kukusimamisha, na kuyatuliza macho.

Hii ya macho watu wengi hawaijui, kwa hiyo ijaribu sasa hivi. Tikisa kichwa kushoto na kulia huku unasoma mstari huu. Unasomeka. Sasa tuliza kichwa, tikisa simu kwa kasi ile ile. Maandishi yamevurugika. Kichwa kilipokwenda kushoto, sikio la ndani liliyaambia macho yaende kulia kwa kasi hiyo hiyo, ndani ya milisekunde 10 hivi, haraka kuliko njia nyingine yoyote ya kuyaongoza macho. Simu ilipotikisika sikio halikuwa na habari.

Kichwa kikiwa kimetulia, masikio yote mawili yanapeleka ishara zenye nguvu sawa. Upande mmoja ukipigwa, tuseme neva imevimba baada ya mafua, ubongo unapokea ishara kali upande mmoja na ndogo upande wa pili, na tafsiri yake ni moja tu: unazunguka. Ndizo zile siku za kutapika na kushika kitanda. Hilo la kuzunguka ukiwa umetulia hupungua lenyewe kwa siku au wiki chache, hata usipofanya kitu. Kinachobaki ni kile cha mwendo. Umekaa, uko sawa. Umegeuka ghafla kumwitikia mtu, picha imechelewa na mguu umetafuta pa kukanyaga. Hiki hakiondoki kwa kupumzika. Ubongo hubadilisha kipimo chake pale tu unapoona kosa, na kosa lenyewe ni ile picha kuteleza ndani ya jicho wakati kichwa kinasogea. Mtu anayetembea amekaza shingo miezi mizima ili asisikie vibaya anaunyima ubongo wake somo, kisha anapata na maumivu ya shingo juu yake.

Jambo hili si geni. Miaka ya 1940 huko Uingereza, mpasuaji wa masikio Terence Cawthorne na daktari mwenzake Cooksey walikuwa na wagonjwa waliopasuliwa sikio la ndani na wengine walioumia kichwa. Waliona kwamba waliohimizwa kusogea mapema walipona upesi kuliko waliolala. Wakatunga mfululizo: macho, kichwa, kuinama, kusimama kutoka kwenye kiti, kurushiana mpira, kutembea macho yakiwa yamefumbwa. Mfululizo huo bado unatumika kwa majina yao, ingawa binafsi siupendi ukitolewa kama karatasi ya kila mtu. Mgonjwa anapewa ukurasa mzima, anafanya yaliyo mepesi, anayaruka yanayomsumbua, na yanayomsumbua ndiyo aliyoyahitaji.

Zoezi ninaloanza nalo kwa mtu ambaye sikio moja limedhoofika ni hili. Kaa kwenye kiti kisicho na magurudumu. Bandika herufi moja ukutani usawa wa macho, umbali wa mita moja hivi. Kaza macho kwenye herufi, kisha tikisa kichwa kushoto na kulia, mwendo mfupi tu, nyuzi 20 hivi kila upande. Anza polepole, ongeza kasi mpaka herufi inakaribia kutetemeka lakini bado inasomeka. Hapo kwenye ukingo ndipo pa kufanyia kazi. Ikitetemeka kabisa, umezidisha. Ukiwa polepole mno hadi husikii chochote, macho yanaifuata herufi kwa njia nyingine isiyotegemea sikio, na unapoteza muda wako. Dakika moja, pumzika, kisha juu na chini. Ukizoea, simama. Ukizoea kusimama, miguu pamoja. Baadaye bandika herufi kwenye karatasi yenye mistari au maua, uisogeze mbali, mwisho ufanye huku unatembea.

Kuhusu kiasi, mwongozo wa wanafiziotherapia wa Marekani wa 2022 unataka angalau dakika 12 kwa siku, zikigawanywa mara tatu, kwa mtu ambaye tatizo bado jipya, na angalau dakika 20 kwa lililokaa muda mrefu. Unasema pia kwamba kuzungusha macho peke yake huku kichwa kimetulia hakutoshi kama tiba. Nalisisitiza hilo kwa sababu video nyingi mtandaoni ni za macho tu.

Kizunguzungu cha zoezi kipime kwa 0 hadi 10. Kikipanda pointi mbili au tatu na kurudi mahali pake ndani ya robo saa, dozi iko sawa. Kikibaki nawe nusu siku, punguza muda au kasi. Usiache, punguza.

Na kabla ya yote: kizunguzungu kipya cha ghafla kinachokuja na kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito, uso kupinda, mkono au mguu kukosa nguvu, kichwa kuuma kuliko ilivyowahi kuwa, au kushindwa kabisa kusimama, hicho ni cha hospitali saa hiyo hiyo. Inaweza kuwa kiharusi. Kupoteza kusikia ghafla sikio moja nako hakusubiri kesho. Mazoezi ni ya mtu ambaye daktari ameshamtazama.

Karibuni.

---

#2 Kiti cha Mbele

Nimewahi siti ya mbele kabisa. Mkuu, mimi kinanipata nikijigeuza kitandani upande wa kulia, au nikitazama juu kuchukua kitu kabatini. Kinazunguka vibaya, nusu dakika hivi, kinakata. Nikikaa niko fresh kabisa. Nianze na hilo la herufi?

---

#3 Mtoa mada

Hapana mkuu, na nashukuru umeuliza mapema.

Ulivyoeleza kunafanana sana na tatizo la chembe. Ndani ya vile vifuko viwili kuna chembe ndogo mno za kalsiamu kaboneti zilizokaa juu ya utando laini. Zikibanduka, zinaweza kuingia kwenye mfereji mmojawapo, mara nyingi ule wa nyuma. Ukilala au ukigeuka zinatiririka ndani ya majimaji, kama mchanga kwenye chupa uliyoipindua, na mfereji unaudanganya ubongo kwamba kichwa bado kinazunguka. Zikitulia, kizunguzungu kinaisha. Ndiyo maana hakifiki hata dakika.

Hapo hakuna kipimo cha ubongo cha kurekebisha. Kuna chembe za kurudisha kwao, na zinarudishwa kwa kukipitisha kichwa kwenye mkao mmoja baada ya mwingine. Kwanza unathibitisha kwa kipimo cha Dix na Hallpike, kilichoelezwa 1952: mgonjwa analazwa haraka kichwa kimegeuzwa upande mmoja, mpimaji anatazama macho. Yakicheza kwa namna yake maalumu, umejua sikio lipi na mfereji upi. Kisha inafuata mbinu ya Epley, daktari wa Marekani aliyeichapisha 1992 baada ya wenzake kumshangaa kwa miaka.

Kwa sikio la kulia inakwenda hivi: unakaa kitandani miguu imenyooka, kichwa kimegeuzwa nyuzi 45 kulia. Unalala chali, kichwa kikishuka kidogo chini ya usawa wa mabega. Unasubiri mpaka kizunguzungu kiishe, nusu dakika hadi dakika nzima. Unageuza kichwa taratibu kwenda kushoto, jumla nyuzi 90. Unasubiri. Unajilaza ubavu wa kushoto, pua ikielekea chini sakafuni. Unasubiri. Unainuka kukaa, kidevu kimeshuka. Nimeeleza ili ujue utakachofanyiwa. Mara ya kwanza fanyiwa na mtu aliyefundishwa, maana ukikosea sikio utahangaika bure, na mwenye tatizo la shingo au mishipa ya damu ya shingoni hafai kujifanyia mwenyewe.

Habari njema ni kwamba wengi hupona kwa mara moja au mbili. Habari nyingine ni kwamba hurudi kwa watu wengi ndani ya miaka inayofuata, kwa hiyo usishangae.

---

#4 Kiti cha Mbele

Aisee. Mimi nilipewa vidonge na kuambiwa nilale nimekaa, mito minne.

---

#5 Mtoa mada

Vidonge havisogezi chembe. Na kulala umekaa baada ya Epley kulikuwa desturi ya zamani. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa 2017 unashauri wagonjwa wasiwekewe masharti hayo. Lala unavyolala.

---

#6 Dada wa Pili

Mtoa mada, na yale ya kujiangusha kitandani kulia na kushoto? Mimi niliyapata kwenye karatasi ya kliniki.

---

#7 Mtoa mada

Hayo ni ya Brandt na Daroff, ya 1980. Unakaa ukingoni mwa kitanda, unageuza kichwa nyuzi 45 upande mmoja, unajilaza kwa ubavu wa upande wa pili, kwa hiyo pua inaelekea juu. Unakaa hapo nusu dakika au mpaka kizunguzungu kikate, unainuka, unakaa nusu dakika nyingine, unafanya upande wa pili. Mara tano, asubuhi, mchana na jioni, wiki mbili.

Yanasaidia, lakini Epley ni ya haraka zaidi. Mimi huyatoa kwa mtu ambaye chembe zake hatujui ziko upande gani, au anayeishi mbali na mtaalamu, au ambaye Epley imefanyika vizuri na bado kuna mabaki. Kumpa mtu ambaye neva yake imedhoofika mazoezi haya kama tiba pekee ni kumpotezea wakati. Kwa hiyo ndugu, swali la kwanza ni lile lile: una chembe au una neva? Kizunguzungu cha sekunde ukibadili mkao, fikiria chembe. Kilichokulaza siku nzima mfululizo kisha kikakuachia kuyumba, fikiria neva.

---

#8 Sina Haraka

Basi mimi ni huyo wa neva. Nililala siku tatu natapika, daktari wa masikio akasema neva imevimba, itapona. Sasa ni miezi, bado naenda upande nikitembea, hasa jioni. Dawa ya kizunguzungu nameza kila siku asubuhi na usiku, nikiikosa naogopa. Nilijaribu mazoezi ya video moja nikatapika, nikaapa sirudii.

---

#9 Mtoa mada

Pole sana mkuu. Kuna mambo mawili hapo, usiyachanganye.

La dawa: zile za kutuliza kizunguzungu hufanya kazi kwa kupunguza ishara zenyewe na kuulegeza ubongo. Siku mbili tatu za mwanzo ni msaada mkubwa, mtu anatapika atafanyaje. Zikiendelea wiki kwa miezi zinachelewesha ubongo kujirekebisha, kwa sababu lile kosa ninalosema halionekani sawasawa. Rudi kwa aliyekuandikia umuulize waziwazi kama bado unazihitaji na mtazipunguzaje. Usizikate kwa kusoma uzi, baadhi yake haziachwi ghafla.

La kutapika: ulipewa dozi ya mtu mwingine. Nianzie wapi na mtu wa namna yako? Amekaa, mgongo umeegemea, ukuta mweupe usio na kitu ila herufi. Anatikisa kichwa polepole kwa sekunde 15 tu. Anafumbua kinywa, anapumua, anasubiri kizunguzungu kirudi chini kabisa. Anarudia. Mara tano za sekunde 15 ni bora kuliko dakika moja iliyokupeleka bafuni. Usifanye ukiwa umetoka tu kula. Ongeza sekunde tano tano kila unapoona zoezi limekuwa la kuchosha badala ya kutisha.

Na tembea kila siku. Mchana, mahali pa usawa, kwanza ukitazama mbele, kisha ukitazama kushoto na kulia kila hatua tatu. Kutembea peke yake ni nusu ya kazi na watu wanadharau zoezi hilo kwa sababu halina jina la kigeni.

---

#10 Mbishi wa Kudumu

Samahani wakuu, naomba kutofautiana. Mimi neva ilivimba, nikalala nikapona bila kutikisa kichwa hata siku moja. Haya mazoezi mnayauza tu.

---

#11 Mtoa mada

Umepona, hongera, na hauko peke yako. Wapo wengi ambao neva yenyewe inarudi, au ambao maisha yao ya kawaida yaliwatikisa kichwa vya kutosha bila kujua: aliyerudi kazini, aliyekimbizana na watoto. Mtu mwenye umri mdogo anayeinuka mapema mara nyingi hahitaji mimi.

Lakini hoja hii imeshapimwa. Mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kuchambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 39 zenye washiriki 2,441 wenye udhaifu wa upande mmoja wa sikio la ndani, na hitimisho lake ni kwamba mazoezi haya ni salama na yanafaa, kwa ushahidi wa kiwango cha kati hadi kizuri. Mapitio hayo hayo yanasema kwa tatizo la chembe mbinu za kurudisha chembe zina nguvu zaidi kwa muda mfupi kuliko mazoezi. Na kuuza nauza nini? Herufi ya ukutani ni bure.

---

#12 Mzinguko

Niongezee mimi pia niliye kwenye fani. Sikubaliani na mtoa mada kuanza na herufi kwa kila mwenye neva. Wagonjwa wangu wazee wanafanya herufi vizuri sana wamekaa, kisha wanaanguka chooni. Mimi huanza na miguu: kusimama kwenye kona ya chumba, mgongo kuelekea kona, kiti mbele yao. Kuta mbili na kiti, hawana pa kuangukia. Miguu pamoja macho wazi, kisha macho yamefumbwa. Halafu kisigino kwa vidole, mguu mmoja mbele ya mwingine. Halafu kipande cha godoro la sponji chini ya miguu. Herufi inakuja baadaye.

---

#13 Mtoa mada

Kwa wazee uko sahihi, mwenzangu, na hilo la kona nalikubali lote. Niseme kwa nini linafanya kazi ili wasomaji wasione ni mchezo. Usawa una vyanzo vitatu: macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo na viungo. Mtu akidhoofika sikio anaegemea macho. Ukimfumbisha macho unamnyima hilo, anabaki na nyayo. Ukimweka juu ya sponji unamvuruga nyayo, anabaki na macho. Ukifanya yote mawili umemwachia sikio peke yake, na huo ni mtihani wa mwisho, asianze nao mtu nyumbani bila mtu pembeni.

Kwa kijana anayelalamika kwamba vitu vinatetemeka akitembea, bado naanza na herufi.

---

#14 Mlezi

Shikamooni wakubwa. Mama yangu ana miaka sabini na kitu. Yeye hasemi kitu kinazunguka, anasema "kichwa chepesi" na anaogopa kuinuka kitandani. Ameacha kutoka. Sasa anashikilia ukuta. Anafaa mazoezi au nimwache apumzike?

---

#15 Mzinguko

Marahaba. Usimwache apumzike, lakini usimwanzishe kabla hajapimwa. Mengi yanaweza kuwa hapo: presha inayoshuka anaposimama, dawa nyingi kwa pamoja, macho, sukari, nyayo zisizohisi. Na chembe. Wazee wenye chembe mara nyingi hawaelezi kuzunguka, wanasema tu hawana imani na miguu yao, na wanaoogopa kuinuka kitandani ni lazima wafanyiwe kile kipimo cha kulazwa. Inasikitisha mtu kuishi na ukuta miaka kwa tatizo la dakika kumi.

Akiruhusiwa, mwanzo wake uwe mdogo: kusimama kutoka kwenye kiti imara mara tano bila kusukuma kwa mikono, asubuhi na jioni, wewe ukiwa hapo. Taa ndogo iwake usiku njia ya chooni. Na kama anavaa miwani yenye sehemu ya kusomea chini, aivue anaposhuka ngazi, inamwonyesha ngazi mahali isipo.

---

#16 Mlezi

Nimeshukuru sana. Hilo la miwani hakuna aliyewahi kutuambia.

---

#17 Hatua Mbili

Mimi sina kizunguzungu kabisa, ndiyo maana nimekuwa nasita kuandika. Nilichomwa sindano za jentamaisini muda mrefu kwa ajili ya maambukizi makubwa. Nikapona. Lakini nikitembea dunia inarukaruka, siwezi kusoma bango mpaka nisimame. Gizani siwezi kabisa. Watu wanadhani nimelewa.

---

#18 Mtoa mada

Ndugu, umeeleza masikio yote mawili kudhoofika, vizuri kuliko kitabu. Huzunguki kwa sababu hakuna upande unaoshinda mwenzake. Pande zote zimenyamaza. Jentamaisini na streptomaisini zinaweza kuua seli za vinyweleo, zile zinazohisi mwendo, ndani ya mifereji, na kwa binadamu seli hizo hazioti tena kwa kiasi cha kurudisha kazi. Pimwa kama hujapimwa, iandikwe kwenye faili lako, na kila daktari atakayekutibu aambiwe kabla ya kukuandikia dawa za kundi hilo.

Sitakudanganya kuhusu mazoezi. Kwako hayarudishi sikio; yanaufundisha ubongo kutumia vingine. Ule mwongozo wa 2022 unaweka dakika 20 hadi 40 kwa siku za kutuliza macho huku kichwa kinasogea, kwa watu wa namna yako, na hatua huja polepole zaidi. Herufi kama nilivyoeleza, halafu hili: bandika herufi mbili ukutani, umbali wa mabega. Kichwa na macho viko kwenye ya kwanza. Peleka macho kwenye ya pili, kisha kichwa kifuate huku macho yameng'ang'ania pale. Rudi. Hapo unaufundisha ubongo kuyapeleka macho kwa mpango wake, bila kungoja amri ya sikio. Nyayo nazo zifanyie kazi kwa kutembea kwenye nyasi na kokoto mchana, mtu akiwa karibu.

Tochi usiku, siku zote. Na majini usiingie peke yako. Chini ya maji huoni vizuri, nyayo hazina pa kukanyaga, na sikio halikuambii juu ni wapi. Watu wa kundi lenu wako hatarini kuzama hata wakiwa waogeleaji wazuri.

---

#19 Hatua Mbili

Ahsante. Angalau sasa naweza kuwaeleza watu.

---

#20 Mlio Mdogo

Na sisi wenye ugonjwa wa Meniere? Sikio linajaa, linalia, kisha linanizungusha saa tatu nne, kusikia kunashuka. Wiki ijayo niko mzima.

---

#21 Mzinguko

Mashambulizi yakiwa bado yanakuja na kuondoka, mazoezi hayazuii shambulio, na siku ya shambulio lala tu, hakuna cha kutikisa kichwa. Ubongo hauwezi kujirekebisha kwa sikio linalobadilika kila wiki. Fuata tiba ya daktari wako. Mazoezi yanakuwa na maana kama katikati ya mashambulizi umebaki na kuyumba, au kama daktari ameamua kulizima sikio hilo kwa sindano au upasuaji. Hapo udhaifu unakuwa wa kudumu usiobadilika, na ndiyo hali hasa ambayo Cawthorne alianza nayo.

---

#22 Skrini Ndefu

Swali langu labda la kijinga. Mimi nilishapona, vipimo vyote safi, lakini nikiingia duka kubwa lenye rafu ndefu, au nikiperuzi simu kwa kasi, nasikia naelea. Ni akili yangu?

---

#23 Mtoa mada

Si la kijinga na hujitungii. Baada ya sikio kuumwa, ubongo wa baadhi ya watu unabaki umeyaamini macho kupita kiasi, kwa hiyo chochote kinachojaa na kusogea mbele ya macho unakichukulia kwamba ni wewe unayesogea. Hofu inaongeza moto, lakini si chanzo pekee. Ikidumu siku nyingi kwa miezi mitatu au zaidi ina jina lake rasmi, na vigezo vyake vilichapishwa na Jumuiya ya Bárány mwaka 2017. Jumuiya hiyo inabeba jina la Robert Bárány, aliyepata Tuzo ya Nobel ya 1914 kwa kazi yake ya sikio hili hili, kama kuna anayedhani ni fani ya jana.

Dawa yake ni kukutana nacho kwa vipimo. Video ya mistari inayopita, kwanza umekaa, skrini ndogo, nusu dakika. Kisha skrini kubwa. Kisha umesimama. Duka uende saa ambayo halina watu, upite rafu moja, utoke. Kesho mbili. Ukianza kulikwepa duka kabisa, ubongo unajifunza kwamba ni hatari kweli. Ukiona hofu ndiyo inayoongoza, mtaalamu wa saikolojia afanye kazi pamoja na wa mazoezi. Wakifanya kwa pamoja matokeo ni mazuri zaidi.

---

#24 Sina Haraka

Mkuu narudi. Nimeongea na daktari, tunapunguza dawa taratibu. Zile sekunde 15 nimezifanya, tumbo limetulia. Nitajuaje kama napona na siyo nazoea tu?

---

#25 Mtoa mada

Safi sana. Jipime hivi kila baada ya wiki moja, isiwe kila siku, utajitia wazimu. Chukua ukurasa wenye herufi za ukubwa tofauti, zile za kupimia macho, ubandike mita tatu. Soma mpaka mstari mdogo unaouweza ukiwa umetulia. Kisha mtu akushike kichwa nyuma akitikise kushoto na kulia mara mbili kwa sekunde, mwendo mfupi, usome tena. Kupoteza mstari mmoja au miwili ni kawaida ya watu. Ukipoteza mitatu na zaidi, macho bado hayajatulia, na namba hiyo ndiyo unayotaka ipungue. Kwa miguu, hesabu sekunde unazoweza kusimama kisigino kwa vidole ukiwa kwenye ile kona ya mwenzangu.

Kitu kimoja kikukute ukiwa umejiandaa: ukipata homa, ukikosa usingizi siku mbili au ukiwa na msongo, dalili zinaweza kurudi kwa siku chache hata baada ya kupona. Ubongo umechoka kubeba yale marekebisho. Rudia herufi yako kwa hatua za chini, utapanda upesi kuliko mwanzo. Kikirudi cha kutapika kitandani kama mara ya kwanza, au sikio likapoteza kusikia, hiyo ni habari nyingine, nenda ukaonwe.

---

#26 Sina Haraka

Na kuendesha gari?

---

#27 Mtoa mada

Kama ukigeuza kichwa haraka kutazama kioo cha pembeni bado picha inachelewa, hapana. Likishaondoka hilo na daktari wako akikubali, anza mchana, njia unayoijua, mtu akiwa pembeni.